Shaba na Alumini: Mafundi Wanajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu zimetoka Unga Limited, mtaa wa Arusha, mpaka Machame, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: shaba au alumini? Tuanze na tarakimu chache, maana majibu yote yanazirudia. Sentimita moja ya ujazo ya shaba ina uzito wa gramu 8.96, ya alumini, gramu 2.70. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, alumini kwenye 660. Uwezo wa alumini kupitisha umeme ni takriban asilimia 61 ya ule wa shaba. Na joto likipanda kwa nyuzi 50, waya wa alumini wa mita 10 hurefuka milimita 11.5, wa shaba milimita 8.5 tu. Tofauti hiyo ya milimita 3 inaonekana ndogo. Subirini.

Nyumba yangu hapa Tengeru iko mita 40 kutoka kwenye nguzo yenye mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla. Fundi mmoja anataka waya wa shaba wa milimita 10 za mraba. Mwingine anasema alumini inatosha na bei yake ni ndogo sana. Nimsikilize nani?

Unaweza kumsikiliza huyo wa pili, ila kwa sharti kwamba hakununulii alumini ya milimita 10. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 80. Shaba ya milimita 10 za mraba kwa urefu huo ina ukinzani, yaani nguvu ya kuuzuia umeme, wa omu 0.138. Nyumba ikivuta ampea 40, yaani jiko la umeme na hita ya maji kwa pamoja, utapoteza volti 5.5 njiani kati ya 230. Alumini ya milimita 10 itapoteza volti 9, na taa zitakuonyesha kila hita inapowashwa. Alumini ya milimita 16 inapoteza volti 5.6, sawasawa na shaba ya 10. Ndiyo maana kwenye kazi za umeme kanuni ya mkato ni kupanda saizi moja unapotoka shaba kwenda alumini. Hata baada ya kunenepeshwa hivyo, metali yenyewe ndani ya waya wa alumini ina takriban nusu ya uzito wa shaba, na hiyo ndiyo sababu nyaya ndefu za nguzoni ni alumini tangu zamani: nguzo hazielemewi.

Kwa hiyo waya wenyewe si tatizo. Tatizo liko kwenye ncha zake mbili, na hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu.

Alumini ikikwanguliwa hujifunika ngozi ya oksaidi papo hapo. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda isiliwe na hewa, lakini haipitishi umeme. Ukiingiza ncha ya alumini kwenye meni swichi bila kuiandaa, skrubu inagusa ngozi, si metali. Pili, alumini ni laini na ina tabia ya kutiririka polepole inapobanwa: skrubu iliyokazwa sana leo huwa imelegea baada ya miezi. Tatu ni zile milimita zetu. Kila jioni hita inapowashwa alumini inatanuka zaidi ya brasi (mchanganyiko wa shaba na zinki) iliyoibana, ikipoa inarudi, na kila mzunguko unaacha nafasi kidogo zaidi. Nafasi inaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linaleta utanukaji zaidi. Mwisho wake ni plastiki iliyoungua na harufu ya samaki nyuma ya swichi.

Sababu ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, nayo ni kusokota alumini na shaba pamoja kisha kuzungushia utepe. Unyevu ukiingia, metali hizo mbili zinakuwa betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa. Ukifungua baada ya masika mawili utakuta unga mweupe mahali palipokuwa na waya.

Kazi sahihi ni hii. Umeme uzimwe na uhakikishwe kwa kipimo. Menya ganda bila kukata wala kuchora metali, kwa sababu alumini iliyochorwa huvunjika hapo hapo ikikunjwa. Isugue kwa brashi ya waya wa chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa shaba, halafu ipake grisi maalumu ya maungio ya alumini kabla hujashika kitu kingine. Usisubiri umalize chai. Tumia lagi, yaani kiungio cha ncha ya waya, ya metali mbili, yenye kikombe cha alumini upande wa waya na ulimi wa shaba upande wa swichi, na uibane kwa koleo lenye meno ya saizi ile ile. Nyundo hairuhusiwi. Kama unaingiza waya moja kwa moja kwenye kifaa, kifaa hicho lazima kiwe kimeandikwa Al/Cu, yaani alumini na shaba. Kisichokuwa na maandishi hayo kihesabu ni cha shaba tu. Na kama waya utazikwa ardhini, elewa kwamba shimo dogo la jembe kwenye ganda shaba inaweza kulivumilia muda mrefu, alumini haiwezi.

Ukijumlisha lagi mbili, grisi na fundi mwenye koleo sahihi, kwa mita 40 tofauti ya bei imeshapungua sana. Sisi tungechukua shaba. Kwa mita 150 tungechukua alumini bila kufikiri mara mbili. Kazi yoyote utakayochagua, apewe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Mimi ni fundi mota, Unga Limited. Siku hizi kuna waya unauzwa kama shaba kwa bei ya chini, na kwa macho ni mwekundu kabisa. Nitaujuaje?

Kuna waya wa alumini uliovikwa ngozi nyembamba ya shaba. Si kitu haramu chenyewe. Una kazi zake kwenye antena na koili za spika. Haramu ni kuuuza kwa jina lisilo lake.

Sumaku haikusaidii. Shaba na alumini zote hazivutwi, kwa hiyo sumaku itakufichulia tu waya wa chuma uliopakwa shaba. Njia isiyodanganya ni mizani. Kata mita 1 kamili ya waya wa nyumba wa milimita 2.5 za mraba, menya ganda lote, weka kwenye mizani ndogo ya kidijitali. Shaba halisi itakupa gramu 22 na kidogo. Waya uliovikwa utakupa gramu 8 au 9. Ukipata gramu 18, basi ni shaba kweli lakini si milimita 2.5, umeuziwa milimita 2, na huo nao ni wizi, wa adabu zaidi.

Kama huna mizani, ipitishe tupa pembeni mwa ncha mpaka uvuke ngozi. Katikati pakiwa peupe, umepata jibu. Kwa waya wa nyuzi nyembamba, shika uzi mmoja kwenye moto wa kiberiti cha gesi: shaba huwaka nyekundu na kubaki imesimama, wenye alumini ndani huyeyuka na kudondoka.

Kwenye mota ya pampu usiutumie kabisa. Nafasi za kuingizia koili zimepimwa kwa unene wa shaba, na kwa unene ule ule ukinzani unapanda karibu mara moja na nusu, na joto linapanda kwa kiwango hicho hicho. Vanishi ya waya inachakaa kabla ya wakati wake, na mteja atakurudishia mota siku anayoihitaji zaidi, katikati ya umwagiliaji wa nyanya.

Mabati ya nyumba yangu hapa Sakina, Arusha, yametoboka mstari mmoja tu, chini ya utepe wa kinga radi. Kwingine kote ni mazima. Radi imepiga?

Hapana, ni mvua. Utepe wa kinga radi ni shaba, na mabati yako bila shaka ni ya aluzinki, ambayo ngozi yake ni asilimia 55 alumini na sehemu kubwa ya inayobaki ni zinki. Maji yakipita juu ya shaba huchukua chembechembe zake, yakashuka nazo na kuziacha kwenye bati. Kila chembe inakuwa kituo cha ile betri tuliyoieleza kwenye barua ya Tengeru. Maji yakitoka kwenye alumini kwenda kwenye shaba hayadhuru. Yakitoka kwenye shaba kwenda kwenye alumini, yanadhuru hata kama metali zenyewe hazigusani.

Badilisha bati lililotoboka, usizibe kwa lami tu. Kinga radi isitolewe. Mwite aliyeifunga abadilishe kipande kinacholala juu ya paa kiwe cha alumini, kisha kiunganishwe na shaba ukutani chini ya ukingo wa bati, kwa kiungo cha metali mbili. Alumini isiingizwe ardhini. Fimbo ya ardhini ibaki shaba.

Shikamooni. Nina kahawa Machame. Nilikoroga mrututu kwenye sufuria kubwa ya zamani, ikachemka bila moto, ikawa na tope jekundu, na dawa haikukamata majani. Je, mrututu ulikuwa feki?

Marahaba, na pole kwa sufuria. Mrututu wako ulikuwa mzima, na sufuria ndiyo imeuthibitisha. Mrututu ni chumvi ya shaba. Ukikutana na alumini wanabadilishana nafasi: alumini inaingia kwenye maji, shaba inatoka na kukaa chini kama tope jekundu. Kilo 1 ya mrututu ina takriban gramu 254 za shaba, na kuitoa yote kunahitaji kula gramu 72 tu za sufuria. Ile ngozi ya oksaidi huizuia kazi hiyo kwa muda, lakini chumvi ya chakula iliyobaki kwenye mikwaruzo huifungulia mlango. Mapovu uliyoyaona ni haidrojeni, gesi inayoshika moto, kwa hiyo ni vizuri kwamba hukuwa jikoni. Ulichopuliza mashambani kilikuwa maji yaliyokwisha kupoteza shaba yake.

Chokaa, ambayo huchanganywa na mrututu kutengeneza dawa hii, nayo ina ugomvi wake na alumini, inaitafuna kwa njia nyingine. Kwa hiyo alumini haifai upande wowote wa dawa hii, na mabati pia hayafai. Tumia ndoo au pipa la plastiki, na ubao wa kukorogea.

Kwa lita 100 za mchanganyiko wa asilimia 1, unahitaji kilo 1 ya mrututu na kilo 1 ya chokaa iliyozimwa, mpya, isiyoganda kwenye mfuko. Kwa bomba la mgongoni la lita 16, ni gramu 160 kwa 160. Funga mrututu kwenye kitambaa na uuning'inize juu ya uso wa maji uguse tu, ndani ya lita 50. Ukiutupa chini utakaa hapo mpaka kesho, kwa sababu maji yaliyokwisha kushiba mrututu ni mazito na yanabaki chini yakiufunika. Koroga chokaa kwenye lita 50 nyingine na uichuje kwa kitambaa, la sivyo punje zitaziba pua ya bomba. Halafu mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa, polepole, mwingine akikoroga. Ukigeuza, ukamimina chokaa ndani ya mrututu, utapata mabonge makubwa yanayozama haraka na yasiyoshika jani.

Kabla ya kupuliza, ingiza msumari safi usio na rangi kwa dakika moja. Ukitoka na wekundu wa shaba, dawa bado ina ukali na itaunguza majani machanga. Ongeza maji ya chokaa kidogo, ujaribu msumari mwingine. Ni mchezo ule ule ulioimaliza sufuria, safari hii unakufaa. Tumia siku hiyo hiyo. Dawa iliyolala hupoteza uwezo wa kushika.

Jingine: shaba hukinga, haiponyi. Chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, ikishaingia kwenye tunda la kijani, au kutu ya majani ikishatoa unga wa rangi ya chungwa, dawa itasaidia yale ambayo hayajaguswa tu. Na shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo wa kihamba, shamba lako la nyumbani, msimu baada ya msimu. Kama unapanga kubadilisha miti ya zamani, aina zilizoboreshwa za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, zinastahimili magonjwa yote mawili na zitakupunguzia mapipa. Mwisho, vaa glavu na miwani, na suuza bomba mara tatu ukimaliza.

Dereva wa gari la watalii, Moshi. Fundi rejeta ameshindwa kuchomelea rejeta yangu mpya, ingawa ile ya zamani aliichomelea mara tano. Amezeeka?

Mikono yake haina kosa. Rejeta za zamani ni mirija ya shaba au brasi iliyoshikwa kwa risasi na bati (metali ya kulehemu, si bati la paa), mchanganyiko unaoyeyuka kati ya nyuzi 183 na 240 hivi. Mpya ni alumini yenye matangi ya plastiki. Risasi haishiki alumini kwa sababu ya ngozi ya oksaidi, ambayo yenyewe huyeyuka juu ya nyuzi 2,000 wakati metali iliyo chini yake imeshakuwa maji kwenye 660. Kiwandani huunganishwa ndani ya tanuri karibu na nyuzi 600, na plastiki hufungwa baadaye. Akileta moto, tangi litakuwa uji kabla tundu halijaziba. Gundi ya epoksi itakufikisha nyumbani kutoka porini. Baada ya hapo nunua nyingine.

Shaba hupitisha joto kuliko alumini, 400 kwa 237 katika kipimo cha wati kwa mita kwa nyuzi, kwa hiyo kwenye karatasi ile ya zamani ilikuwa bora. Lakini mirija ya alumini hutengenezwa mipana zaidi na kushikana na mapezi yake metali kwa metali, na tofauti inafutika kwa uzito mdogo zaidi.

Kinachoiua alumini ni maji ya kisima na ya mtoni. Chumvi zake huitoboa vitundu vya ncha ya sindano. Weka kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, yenye viungo vya kuzuia kutu, nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, na uibadilishe kwa muda ulioandikwa kwenye kopo. Kama injini yako ina kichwa cha alumini na bado unatumia rejeta ya shaba, ndiyo kabisa: hapo metali hasimu zinakunywa maji ya kikombe kimoja. Angalia na kifuniko pia. Kwenye mwinuko wa Arusha, kama mita 1,400, maji ya wazi huchemka karibu na nyuzi 95. Kifuniko kizima cha shinikizo la baa 0.9 hupandisha hadi kama 116. Kikichoka, gari litachemsha kwenye kila mlima na fundi atailaumu rejeta.

Tunayeyusha alumini chakavu na kutengeneza sufuria, Majengo, Moshi. Nyingine zinatoka na vitundu kama mkate. Halafu, tanuri hilo hilo linaweza kuyeyusha shaba?

Vitundu ni haidrojeni, nayo inatokana na unyevu. Alumini iliyoyeyuka humeza gesi hiyo kwa wingi, na inapoganda inaitapika. Anika na kupasha moto vyuma chakavu kwenye ukingo wa tanuri kabla ya kuvitumbukiza. Hili si la sufuria tu: kipande chenye maji ndani kikizama kwenye alumini ya moto, kinalipuka na kuwarushia metali usoni. Mchanga wa kufinyangia ukiukamata mkononi ushikane, ukivunjwa ukatike kwa mstari, na kiganja kibaki kikavu. Mimina kati ya nyuzi 700 na 750. Ukiiona inang'aa nyekundu mchana kweupe umepitiliza, na kadiri inavyozidi moto ndivyo inavyozidi kumeza. Usikoroge koroge; ondoa uchafu wa juu mara moja, mimina.

Chagueni vyuma. Pistoni, maganda ya gia na rimu vina silikoni na hujaza kalibu vizuri. Makopo ya soda huishia kuwa majivu kwa sehemu kubwa. Kwenye rimu ng'oeni vile vizito vya kusawazishia gurudumu, kwani vingi ni risasi, na risasi ikiingia kwenye sufuria itaingia kwenye uji wa mtoto. Vikondensa vya viyoyozi vyenye mirija ya shaba vitengwe pia. Shaba ikichanganyika humo sufuria inakuwa ngumu na mafundi huipenda kwa hilo, lakini inaoza upesi.

Shaba yenyewe, ambayo wanunuzi wa vyuma chakavu wanaiita kopa, inahitaji nyuzi 400 zaidi na chungu cha grafaiti. Mkaa unaopepewa hewa kwa nguvu unaweza kufika. Ila msianze na brasi: zinki iliyomo huchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake mweupe utawalaza na homa na baridi usiku huo huo. Kwa bei ya kopa, kuiuza kunalipa kuliko kuiyeyusha.

Mama mpika mbege, Marangu. Nimepewa chungu cha shaba kizuri. Nichemshie ndizi humo? Na kwa nini sufuria za alumini zinakuwa nyeusi ndani?

Mama, kitundike ukutani. Togwa na mbege vina uchachu, uchachu huyeyusha shaba, na shaba ikizidi huleta kichefuchefu na kutapika. Chungu cha shaba kinafaa kupikia kama tu ndani kimepakwa bati, na bati hilo halijachubuka. Alumini kwa kuchemshia ndizi haina neno. Kulaza mbege humo siku kadhaa ikichachuka hapana. Tumia pipa la mbao au la plastiki ya chakula.

Weusi wa ndani unatokana na madini ya maji yanayogusa ile ngozi ya oksaidi, na haudhuru. Chemsha maji yenye ndimu au ukwaju kwa dakika 15 utaondoka. Kwa wale wa upande wa Meru wenye maji ya floridi: kuyachemsha hakuipunguzi, maji yanapungua na floridi inabaki.

Na majivu. Kusugulia haraka na kusuuza papo hapo ni sawa. Kuloweka sufuria ya alumini kwenye majivu usiku kucha ndiko kunakoitoboa, kwa kuwa maji ya majivu hufanya kazi ile ile ya chokaa.